Kioo cha Kutazamia Jua

Mwezi wa pili mwaka 1947 Matayo Hiza alipata kazi ambayo hakuna mtu wa Korogwe aliyeweza kumweleza mwenzake ni kazi gani. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mpale. Vita vya Burma alivipigana akiwa fundi wa simu za jeshi, na tangu arudi alikuwa akibandika karatasi kwenye vifurushi vya mizigo pale stesheni, kazi iliyomchosha akili kuliko mikono. Ndipo akasikia kwamba Mzungu mmoja, Bwana Ashdown, amepanga nyumba kuukuu juu ya kilima, njia ya kwenda Handeni, ng'ambo ya mto, na anatafuta mtu anayejua kusoma saa, kuchora mstari ulionyooka, na kunyamaza.

"Kazi yenyewe ni nini hasa, Baba Stefania?" mkewe alimwuliza siku aliyorudi na habari hizo.

"Kuchora jua."

Grasiana aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akamtazama. Alikuwa mshonaji, na kibaraza chake kilikuwa karibu na stesheni. Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walimletea kaki na turubai, vitambaa ambavyo washonaji wengine walivikataa kwa sababu vinavunja sindano. Mtoto wao mmoja, Stefania, alikuwa Makuyuni kwa bibi yake kwa muda, maana kibarazani kulikuwa na moshi wa treni na mtoto alikuwa anakohoa.

"Jua linachorwaje? Nani anaweza kulitazama?"

"Hatulitazami. Tunalishusha kwenye karatasi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bwana Ashdown alikuwa na darubini ndefu ya shaba iliyosimama juu ya miguu mitatu. Mwanga wa jua uliingia kwa lenzi kubwa mbele, ukatoka kwa tundu la nyuma, ukaangukia kwenye ubao uliobandikwa karatasi nyeupe. Hapo jua lilionekana duara la ukubwa wa sahani. Kila asubuhi saa tatu Matayo alifuatisha duara hilo kwa penseli, kisha akachora madoa meusi yaliyokuwa juu yake, kila doa mahali pake. Kulikuwa pia na sanduku la mbao lenye sindano ya sumaku iliyoning'inia kwa uzi wa hariri, nayo aliisoma mara nne kwa siku na kuandika imeelekea wapi.

Bwana Ashdown alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole wa sauti. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alikuwa na tabia moja ambayo Matayo aliiona siku ya kwanza: akisoma barua aligeuza kichwa pembeni, kama kuku anayetazama punje.

Siku hiyohiyo ya kwanza alimwonyesha Matayo kisanduku kidogo. Ndani mlikuwa na kioo cheusi cha mviringo, kidogo kuliko senti, chenye skurubu pembeni ya kukifungia nyuma ya darubini. Pamoja nacho kulikuwa na kifuniko cha bati cha kuziba lenzi kubwa ya mbele. Kifuniko hicho kilikuwa na tundu katikati, upana wa kidole gumba.

"Hivi ni vya kutazamia kwa jicho," alisema. "Vinakwenda pamoja siku zote. Lakini wewe usivitumie. Wewe ni karatasi tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bwana."

Bwana Ashdown akafunga kisanduku. Hakusema kwa nini.

* * *

Masika yalichelewa mwaka huo. Mwezi wa tatu ulikwisha bila mvua ya maana, na upande wa Handeni watu walianza kuchimba visima kwenye mikondo ya mito iliyokauka. Mwanzoni mwa mwezi wa nne doa lilitokea kwenye ukingo wa jua. Siku ya kwanza lilikuwa kama mkwaruzo wa penseli. Siku ya nne Matayo alilazimika kulichora kwa upana wa kucha mbili, na siku ya saba likawa kubwa kiasi kwamba jioni, vumbi likiwa jingi na jua limekuwa jekundu, watu waliliona kwa macho matupu wakitoka shambani.

Sokoni waliliita jeraha. Mzee Mbaruku, aliyekuwa akiuza tumbaku mlangoni mwa soko, alimshika Matayo mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye unayekaa na yule Mzungu. Lile doa ni nini?"

"Shikamoo, mzee. Bwana anasema ni mahali ambapo sumaku ya jua imekaza sana, ndiyo maana pakapoa na kuwa peusi. Linaweza kumeza dunia nyingi kama yetu."

"Marahaba." Mzee aliuacha mkono. "Naye anajua linataka nini?"

Matayo aliaga akapanda kilima. Usiku ule sindano ya sumaku, ambayo siku zote ilitulia kama mtu aliyelala, ilianza kutikisika ndani ya sanduku lake bila mtu kuigusa wala upepo kuingia. Aliitazama kwa nusu saa kwa mwanga wa taa ya kandili. Ilikwenda kushoto, ikarudi, ikatetemeka, ikasimama mahali pasipo pake. Asubuhi karani wa simu za waya pale stesheni alilalamika kwamba waya umesema maneno yasiyotumwa na mtu. Watu wakacheka. Matayo hakucheka.

Alipomwuliza Bwana Ashdown, yule Mzungu alifurahi hata akasahau chai yake. Alimwambia yaliyomtoa Ulaya na kumleta kwenye kilima hiki.

"Jua lina moto wake, Matayo. Uso wake una nyuzi joto kama elfu sita. Sasa, kulizunguka kuna taji, mwanga mweupe mwembamba unaoonekana tu mwezi ukilifunika jua lote. Miaka michache iliyopita wataalamu wamesoma mwanga wa taji hilo, wakakuta humo chuma kilichokuwa mvuke, kimechomwa hata karibu nusu ya vipande vyake vimebanduka. Ili chuma kiwe hivyo unahitaji nyuzi milioni moja."

"Huko nje?"

"Huko nje. Mbali na moto."

"Haiwezekani, Bwana. Mtu akitoka jikoni anapoa."

"Ndiyo maana silali," alisema Bwana Ashdown.

Akamwita nje. Watu wa shamba la mkonge walikuwa wamemtengenezea kamba ndefu ya katani, nene kama mkono upande mmoja, ikizidi kuwa nyembamba hadi ncha iliyokuwa kama uzi wa kushonea viatu. Bwana Ashdown alishika upande mnene, akaitikisa mara moja. Wimbi likaanza kwa uvivu, likapita juu ya majani makavu, likaongeza kasi, na kwenye ncha likalia *paa!* kama bunduki. Ncha ilimpata Matayo kwenye kifundo cha mkono. Damu ikatoka mstari mmoja mwembamba.

"Lo! Pole. Ulisimama karibu mno," alisema Bwana Ashdown, naye tayari alikuwa akitazama kamba, si mkono. "Umeona? Mimi sikutumia nguvu nyingi. Jua lina nyuzi za sumaku zinazopanda kutoka ndani yake. Chini linachemka kama uji, na likichemka linazitikisa nyuzi. Mawimbi yanapanda. Chini ni pazito, juu ni pepesi mno, basi wimbi linakua na kukua. Likivunjika, linakufa, na likifa linaacha joto."

"Ni hakika?"

"Hapana. Ni wazo la Mswidi mmoja. Wengi wanamcheka. Mwezi ujao, tarehe ishirini, jua litapatwa. Huko Bukoba litafunikwa lote. Nitakwenda kupiga picha za taji, nione kama nyuzi hizo za sumaku zinaonekana. Hapa halitafunikwa lote. Hapa litazama likiwa limeliwa."

"Basi sisi wa hapa hatutaona taji."

"Hamtaona. Taji lina joto kali lakini ni jembamba sana. Mwanga wake ni mdogo. Kipande kidogo tu cha jua kikibaki, kinalimeza."

Matayo alisikia maneno yote hayo. Lakini alichokwenda nacho nyumbani ni yale ya kwanza: nyuzi joto milioni moja.

* * *

Grasiana hakukubali mara moja. Alisikiliza akiwa anashona turubai, akauma uzi, akasema, "Sindano hii."

"Ina nini?"

"Iguse."

Matayo aliigusa akaondoa kidole haraka. Ilikuwa ya moto.

"Mguu wangu uko chini kwenye kanyagio," Grasiana alisema, "nao umepoa. Gurudumu limepoa. Mkanda umepoa. Nguvu inapanda kutoka mguuni mpaka huku juu, na inayoungua ni sindano peke yake, kwa sababu ndiyo inayogombana na turubai. Ni hivyo anavyosema huyo Bwana wako?"

"Ni hivyo hasa."

"Basi naelewa. Kuamini ni jambo jingine. Hilo taji wewe umeliona?"

"Bado."

"Nami nitaamini nikiliona."

Alisema kwa mzaha, lakini maneno yale yalimkaa Matayo moyoni. Miezi mitatu mkewe alikuwa akivumilia maswali ya majirani. Walisema mumewe analiroga jua, kwamba ukame umeletwa na bomba la shaba lililoelekezwa mbinguni kila siku. Mama mmoja alikuwa amechukua kitambaa chake kikiwa nusu kimeshonwa. Matayo alitaka mkewe awe na kitu alichokiona kwa macho yake, kitu cha kumjibu mtu yeyote.

Bwana Ashdown aliondoka na masanduku yake kuelekea ziwani tarehe saba ya mwezi wa tano. Darubini kubwa aliiacha, kwa sababu alihitaji michoro ya kila siku isikatike. Asubuhi ya kuondoka alirudia mara mbili: "Karatasi tu." Kisha akapanda lori.

* * *

Tarehe ishirini ilikuwa Jumanne. Anga lilikuwa safi tangu alfajiri, na joto lilikuwa limeganda juu ya mashamba ya mkonge. Matayo alikuwa ameweka karatasi mpya tangu mchana. Saa kumi na moja na ushee, duara la mwanga kwenye ubao likapata pengo pembeni, dogo kama alama ya jino. Akaandika saa. Pengo likakua.

Grasiana alifika akiwa na kapu la chakula. Alikuwa amepanda kilima peke yake, maana mwenzake wa njiani, Paulina, alikuwa ameogopa na kurudi darajani.

"Ndege wamenyamaza," alisema. "Na kivuli changu kimekuwa na makali. Tazama."

Kweli vivuli vilikuwa vimebadilika. Mwanga ulikuwa wa rangi ya shaba iliyosuguliwa, wala haukuwa wa jioni wala wa mchana. Bondeni mbuzi walikuwa wakirudi zizini bila mchungaji, na kengele ya kiwanda cha mkonge ilikuwa ikipigwa, ikapigwa tena, bila kukoma, kama mtu aliyeipiga amesahau kwa nini alianza.

Matayo alitazama duara kwenye karatasi. Zaidi ya nusu ilikuwa imeliwa. Pale palipoliwa palikuwa peupe tu kama karatasi yenyewe, bila taji. Lakini karatasi ni karatasi, alijiambia. Kitu chembamba hakiwezi kuonekana juu ya karatasi. Kwenye kioo kingeonekana. Joto la nyuzi milioni moja haliwezi kukosa kuonekana kabisa.

Akaenda ndani akatoa kisanduku.

Alikifunga kioo cheusi nyuma ya darubini kwa skurubu yake. Akaweka kifuniko cha bati mbele, akainama, akatazama. Aliona jua jekundu lililopinda kama mwezi mchanga, na kila upande giza tupu. Hafifu mno. Mwanga wote ulikuwa ukipita kwenye tundu la kidole gumba. Akainuka, akatazama jua lililokuwa limeshuka karibu na nyika, jekundu, lililochoka. Akaona halina nguvu tena.

Akaondoa kifuniko.

Safari hii alitazama kwa muda mrefu. Jua lililobaki lilikuwa pembe kali nyekundu, na kando yake, upande ulioliwa, aliona, au alidhani ameona, unywele mmoja wa mwanga ukipanda gizani. Nyuma ya shaba palikuwa pamepata moto hata nyusi zake zilihisi, lakini hakujali.

"Mama Stefania! Njoo! Njoo haraka kabla halijazama!"

"Si umesema yule Bwana amekataza?"

"Amekataza wasiojua. Mimi nimetazama sasa hivi, nipo. Weka jicho hapa."

Grasiana alifuta jasho usoni kwa ncha ya khanga. Akainama, akaweka jicho la kulia kwenye kioo, la kushoto akalifumba kwa kiganja.

"Unaona?"

"Naona kama mundu. Mundu wa moto."

"Pembeni yake. Upande wa giza. Kuna kitu kama unywele."

"Ngoja… sioni… ngoja kidogo."

Kukatoka mlio mdogo, *tik*, kama punje ya hindi ikipasuka chunguni.

Grasiana alirudi nyuma hatua moja. Hakupiga kelele. Alisimama ameweka kiganja juu ya jicho, kinywa wazi.

"Nini? Nini?"

"Kimewaka," alisema. "Kila kitu kimewaka."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Sauti yake ilikuwa ya kushangaa. "Siumwi hata kidogo."

Matayo akatazama kioo. Kilikuwa kimepasuka mistari miwili kutoka katikati, na kipande chembamba kama ukucha kilikuwa kimeanguka. Kupitia hapo mwanga wa jua ulikuwa unatoka wazi, umekusanywa na lenzi yote. Uliangukia kwenye bega la shati lake. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilimfikia kabla hajaelewa.

Akaipindua darubini. Jua likazama likiwa limeliwa, na giza likaja upesi kuliko desturi. Waliteremka kilima. Njiani Grasiana alijikwaa mara tatu kwenye njia aliyoijua, na kila mara alisema ni giza tu, itapita.

* * *

Haikupita. Asubuhi alikaa kwenye cherehani, akachukua uzi, akauelekeza kwenye tundu la sindano. Tundu halikuwepo. Akifumba jicho la kulia, tundu lilionekana. Akifumba la kushoto, aliona ukuta, mlango, mguu wa mumewe, lakini kila alichokielekezea jicho kilitoweka nyuma ya doa jeusi lililopinda kama mundu.

Matayo naye alijipima kwa siri nyuma ya nyumba. Kwenye jicho lake la kulia kulikuwa na kitu. Hakikuwa cheusi, kilikuwa kijivu, kama alama ya kidole gumba kwenye kioo cha taa. Alifuta jicho. Alama haikufutika. Akafikiri: *sina haki ya kusema habari za jicho langu leo.* Akanyamaza.

Kwenye dispensa waliwapa dawa ya matone na kuwaambia waende Tanga. Walikwenda kwa treni. Daktari aliwasha taa ndogo ndani ya jicho la Grasiana, akatazama, akazima taa. Alisema sehemu ya nyuma ya jicho imechomeka mahali penyewe pa kuonea, na kwamba ngozi ile haioti tena. Halafu akamgeukia Matayo.

"Na wewe?"

"Mimi mzima," Matayo alijibu.

Njiani kurudi Grasiana alikaa dirishani, jicho la kushoto likifuata mistari ya mkonge inayopita, mstari baada ya mstari. Alisema neno moja tu kabla ya kufika Korogwe.

"Kwa hiyo lile taji sikuliona."

* * *

Bwana Ashdown alirudi mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mawingu yalikuwa yamefunika Bukoba sehemu kubwa ya dakika zile chache, akapata picha mbili tu, zote hafifu. Alipanda kilimani akiwa amechoka, akakuta Matayo na Grasiana wanamngoja barazani. Jambo la kwanza aliuliza michoro iko wapi. La pili, akaona kisanduku kimefunguliwa juu ya meza, na kioo kilichopasuka ndani yake.

Alikaa chini taratibu.

"Nani?"

"Mimi," Grasiana alisema. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. "Shikamoo, Bwana. Ni jicho la kulia."

Matayo akaeleza. Bwana Ashdown hakumkatiza. Alipomaliza, Mzungu alishika kile kioo, akakigeuza upande wa dirisha, na kichwa chake kikageuka pembeni kama kawaida yake.

Grasiana alimwangalia. Wiki mbili nzima yeye mwenyewe alikuwa akigeuza kichwa hivyohivyo, kila alipotaka kuona kitu.

"Bwana," alisema polepole, "na wewe ni jicho gani?"

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"La kushoto," Bwana Ashdown alisema mwishowe. "Nilikuwa kijana. Kioo kama hiki. Mwanga ukikusanyika mahali padogo, kioo kinapata moto na kupasuka bila kukuonya. Kifuniko kinapunguza mwanga. Ndiyo kazi yake."

"Ulijua," Matayo alisema. "Ulijua hivi vioo hupasuka."

"Nilikukataza, Matayo."

"Ulinikataza. Hukuniambia. Kama ungeniambia hilo neno moja, kwamba kinapasuka!"

"Nilidhani amri inatosha." Alikuwa anatazama meza. "Na sikutaka ijulikane. Hawampi mtu mwenye jicho moja darubini." Kisha akainua uso, kama aliyekumbuka jambo. "Lakini siku ile kifuniko kilikuwepo? Kikiwepo, kioo hakipati moto kiasi hicho."

Grasiana akamgeukia mumewe.

"Kifuniko gani?"

Matayo alifungua kinywa. Miaka minne ya vita hakuwahi kuogopa swali kama alivyoogopa lile.

"Kulikuwa na kifuniko mbele," alisema. "Nilikitoa. Kwa kifuniko mwanga ulikuwa hafifu. Nilitaka uone."

"Uliponiita, kilikuwa kimetoka?"

"Kilikuwa kimetoka."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Grasiana alisimama, akakunjua gauni lake magotini. Alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akigeuza kichwa ili awaone.

"Bwana, unaandika taarifa ya kazi yako huko kwenu?"

"Naandika."

"Kuhusu kioo utaandika nini?"

Bwana Ashdown alisita. "Kwamba kifaa kimoja kiliharibika."

"Andika jina langu. Grasiana Kasmiri, mshonaji wa Korogwe. Andika kioo kilimfanya nini. Andika na wewe kilikufanya nini, ili atakayekishika baada yako ajue. Na yeye," akamwonyesha Matayo kwa kidevu, "andika alichotoa. Nitakaa hapa mpaka uandike."

Alikaa kweli. Bwana Ashdown aliandika, na Matayo akamtafsiria mkewe mstari kwa mstari, hata ule wa kwake mwenyewe. Kisha Grasiana akateremka kilima peke yake. Kesho yake alikodi mkokoteni, akapakia cherehani, akaenda kwa mama yake Makuyuni.

* * *

Bwana Ashdown aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Kama ile taarifa ilisomwa na mtu, huko Korogwe hawakupata kujua. Jeraha la jua lilikuwa limekwisha kupotea zamani, na mvua za vuli zilinyesha kwa wingi zikasomba daraja dogo la njia ya Handeni.

Matayo alirudi stesheni kubandika karatasi kwenye vifurushi. Kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda Makuyuni. Mama mkwe wake, Bibi Shida, alimpokea kwa adabu, akampa maji, akampa kiti cha nje. Alicheza na Stefania. Grasiana alipita na kazi zake, akamjibu salamu, basi. Alikuwa amejifunza kutunga uzi kwa kugusa, akitumia ulimi na ncha ya kidole, na wateja walikuwa wameanza kumfuata.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja alimkuta peke yake kibarazani. Alikuwa na barua kutoka kwa mteja wa Handeni, iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

"Nisomee," Grasiana alisema, akamnyooshea.

Matayo aliipokea. Akaileta karibu, akaipeleka mbali. Bila kujua akageuza kichwa pembeni.

Grasiana aliacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka lenyewe mara chache, likasimama.

"Baba Stefania."

"Naam."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema ni vumbi la njiani. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Tangu siku ileile. Nilitazama kabla yako. Mwanzo kilikuwa kidogo. Naona kinaongezeka, au labda naogopa tu. Sijui."

"Daktari wa Tanga alikuuliza."

"Nilimdanganya."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kulilia jicho langu mbele ya lako."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya mgomba. Ndani Bibi Shida aliita jina la mjukuu wake.

"Watu watatu," Grasiana alisema, "na kila mmoja na siri yake ya jicho. Isipokuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa sina." Akachukua barua mkononi mwake, akaikunja, akaiweka chini ya mkasi. "Lifumbe la kushoto. Tazama uso wangu. Unaona nini?"

Matayo akalifumba. Aliona khanga, mabega, nywele zilizosukwa, na ukingo wa sikio wenye hereni. Mahali pa uso palikuwa na ukungu.

"Naona hereni," alisema.

"Basi." Grasiana alisimama, akaanza kukusanya vipande vya kitambaa. "Lala hapa leo, chumba cha nje. Jumatatu kuna treni ya asubuhi kwenda Tanga. Tutakwenda wote, na safari hii nitaingia na wewe mpaka kwa daktari, na ni mimi nitakayemweleza."